Kisu cha Mkate, Panga la Mgomba

Kiswahili hakina neno moja la mtu anayekula kama mdogo wangu. Ukitaka kumweleza kwa mpishi wa mgahawa, au kwa shangazi aliyeshika sahani ya ndizi na nyama, inabidi utengeneze sentensi ndefu: hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, na halafu, subiri kidogo shangazi, hali pia chochote chenye ngano. Ukifika hapo msikilizaji ameshachoka. Anauliza swali ambalo nimelisikia Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, kwa maneno yale yale: "Sasa anakula nini?"

Siku hizi "vegani" limeanza kusikika mijini, hasa kwa vijana wa mitandaoni. "Gluteni" bado linaishi kwenye maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ukiyatamka yote mawili mezani, watu wanakutazama kama umeleta lugha ya ubalozi. Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, nimezoea kutafuta neno litakalomfikia msomaji wa kawaida, na kwa jambo hili nilikwama muda mrefu. Neno nililolitafuta nilikuja kulisikia jikoni kwa Mama, Muleba, na halikuhusu chakula kabisa.

Nianze na ugonjwa. Mdogo wangu aliumwa tumbo kwa miaka mitatu kabla ya kupata jina la kinachomsumbua. Katika miaka hiyo alitibiwa taifodi mara nne, amiba sijui mara ngapi, minyoo, na vidonda vya tumbo. Kila dawa ilimpa nafuu ya wiki moja, kwa sababu mgonjwa wa tumbo hupunguza kula. Akirudia chakula, ugonjwa nao unarudi. Aliisha, jamani. Sketi zake alizikaza kwa pini. Damu ilikuwa inapungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda kidogo, inapungua tena. Ofisini walianza kunong'ona yale ambayo watu hunong'ona mtu akikonda, na yeye akaenda kupima hayo pia, akakutwa hana.

Kisha akampata daktari mmoja mtulivu ambaye, badala ya kuandika dawa, alimuuliza: "Asubuhi unakula nini?" Chapati mbili na chai ya maziwa. "Saa nne?" Andazi. "Mchana?" Wali, au ugali. "Usiku?" Tambi, kwa sababu anarudi amechoka na tambi zinaiva haraka. Daktari akaagiza kipimo cha damu, halafu wakapitisha kamera kooni hadi kwenye utumbo mdogo, wakachukua vipande vidogo vya kupima. Majibu yalipotoka, ugonjwa ulikuwa na jina: siliaki.

Siliaki si mbwembwe za watu wa mjini. Ni hali ambayo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, inaushambulia utumbo mdogo wenyewe. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyweleo vinavyofyonza chakula, na vikishambuliwa vinalala na kuisha. Mtu anakula, lakini chakula kinapita tu kama maji juu ya jiwe. Hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuiacha kweli kweli, kwa sababu hata makombo ya mkate yaliyobaki kwenye kisu yanaweza kumrudisha mtu nyuma. Ndugu wa damu wa karibu nao wako hatarini zaidi ya watu wengine, takriban mmoja kati ya kumi, kwa hiyo na mimi nikapimwa. Sina.

Utumbo ulioumia hushindwa pia kumeng'enya maziwa, hivyo daktari alimshauri ayaache kwa muda. Nyama na samaki alikuwa ameshaviacha mwenyewe tangu chuo, na mayai yalifuata. Sababu zake ni zake, hazihubiri, na hajawahi kumkemea mtu anayekula mishikaki mbele yake. Maziwa yalipoondoka kwa amri ya daktari aliamua yasirudi. Basi ndivyo alivyofika mahali ambapo sentensi ya kumweleza inahitaji vituo vitano.

*

Katika kusoma juu ya ugonjwa wake nilikutana na kisa ambacho mtu yeyote aliyekulia Kagera angecheka. Mwaka 1924, daktari wa watoto wa New York aitwaye Sidney Haas alichapisha taarifa ya watoto wenye siliaki aliowatibu kwa ndizi. Ndizi! Aliwanyima mkate na vyakula vingine vya wanga, akawalisha ndizi mbivu kwa wingi, na watoto ambao wengine walishawakatia tamaa wakaanza kunenepa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ndizi ilihesabiwa kuwa dawa ya siliaki.

Haikuwa dawa. Kilichowaponya watoto wa Haas ni kile ambacho hakikuwepo mezani. Aliyeliona hilo vizuri ni daktari wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ambaye alikuwa ameanza kuushuku mkate tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipigwa na njaa kali, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki, katikati ya njaa ile, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake juu ya ngano na siliaki, na ndizi ikavuliwa udaktari.

Nilimsimulia Mama kisa hiki kwa simu, nikitarajia acheke. Hakucheka.

"Si nilisema?" akajibu. "Ndizi ni dawa."

"Mama, dawa haikuwa ndizi. Ni kwamba hawakula ngano."

"Ni hayo hayo. Anayeshiba ndizi atakula mkate saa ngapi?"

Nilitafuta kosa kwenye hoja hiyo, sikuliona.

Maana ukiitazama meza ya Wahaya ya zamani, mdogo wangu angeketi hapo bila kuuliza swali. Ebitoke n'ebihimba, ndizi na maharage katika chungu kimoja. Magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, maboga na majani yake, njugumawe, karanga za kusaga. Hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, huchachushwa kwa mtama, na mtama hauna gluteni. Bia ya chupa inayotengenezwa kwa shayiri ndiyo isiyomfaa. Ngano ilikuja kwetu kwa mlango wa chai: mkate, maandazi, chapati ya Krismasi. Nilipokuwa mdogo, chapati ilikuwa kitu cha kusubiriwa. Siku hizi hata Muleba mjini ukitoka asubuhi, cha kwanza kupata barabarani ni chapati, na ndizi ndiyo imekuwa ya kutafutwa.

Sitaki kudanganya kwamba mababu walikuwa vegani. Palikuwa na samli, palikuwa na samaki wa ziwa, na palikuwa na senene, ambao hakuna Mhaya atakayeruhusu wasahauliwe. Ninachosema ni kwamba chakula cha kila siku, kile ambacho hakuna anayekipiga picha, ndicho ambacho mdogo wangu aliandikiwa na daktari kama kitu kigeni.

*

Desemba iliyopita tulikwenda nyumbani pamoja, mara yake ya kwanza tangu apate majibu. Tulichukua basi hadi Mwanza, halafu meli ya usiku hadi Bukoba. Yeye alibeba chakula chake: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na parachichi. Njiani kila kibanda kilikuwa na chipsi, na chipsi ni viazi tu, si ndiyo? Lakini mafuta yale yale yamekaanga sambusa na maandazi tangu alfajiri. Kuishi na siliaki ni kuwa mwandishi wa habari za uchunguzi kila unapohisi njaa. Mafuta haya yamekaanga nini? Unga huu umesagwa kwenye mashine ipi, na kabla yake kilisagwa nini? Viungo hivi vya pakiti vimechanganywa na nini? Mchuzi wa soya wa chupa, ambao jina lake linakuambia soya, kwa kawaida huchachushwa pamoja na ngano.

Bukoba tulilala kwa shangazi, Hamugembe, na asubuhi tukaenda sokoni. Mdogo wangu alikuwa na mpango. Alitaka kumpikia Mama chakula cha kawaida kabisa cha maisha yake mapya: tofu na mboga. Dar hununua tofu kwenye supamaketi, kipande kidogo kwa bei ya kuku mzima wa kisasa. Bukoba hatukuiona, na hatukushangaa. Lakini soya zilikuwepo, ndani ya gunia, kwa wauza nafaka, kwa sababu akina mama huzisagia uji wa lishe wa watoto. Tulinunua kilo moja, nzima, si unga, na tukazichambua punje kwa punje kwenye ungo kwa shangazi, tukitoa punje za ngano zilizopotea njia. Tulizipata tatu. Shangazi alizitazama zile punje tatu kwenye kiganja cha mdogo wangu, akatikisa kichwa. "Waitu, na hizi ndizo zinakuua?"

Tulipanda gari dogo la kwenda Muleba, shangazi naye akaja nasi kwa ajili ya sikukuu. Barabara inapita Kemondo, Muhutwe, Izigo, na kama umeondoka muda mrefu macho yako yanafanya kazi moja tu, kuhesabu vibanja. Kibanja si shamba la kawaida. Nyumba imo ndani yake, migomba imeizunguka, kahawa ziko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na wazee wetu wamezikwa humo humo. Baba yetu yuko pale, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

*

Mama alikuwa ametuandalia mapokezi: kuku amechinjwa, na chapati zimepangwa chini ya kawa, kwa sababu mdogo wangu alikuwa akizipenda kuliko kitu chochote alipokuwa shuleni. Mambo yote tulikuwa tumeshamweleza kwa simu. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja, na mtoto wako kusafiri siku mbili halafu asile ulichompikia ni kingine.

"Kuku sawa, ulishaacha," alisema Mama. "Wewe una Kwaresima ya mwaka mzima, nimezoea. Lakini chapati? Kipande tu. Kitakufanya nini kipande?"

Mdogo wangu alieleza tena. Kinga, utumbo, makombo. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza bwana shamba mgeni, kisha akachukua kisu kile kile alichokatia chapati robo robo, akakipangusa kwenye khanga, akaanza kumenyea ndizi za mgonjwa.

Mdogo wangu hakusema kitu. Alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama karibu na kaburi la Baba, hajalia, ila amejikunja mikono kama mtu anayesikia baridi. "Dada," akaniambia, "sitaki kumwambia mama yangu kwamba kisu chake ni kichafu."

Hapo ndipo nilipoona pengo kwenye kibanja. Upande wa kushoto wa kaburi palikuwa na mashina matano hivi ya migomba. Sasa palikuwa na udongo mtupu uliochimbuliwa, na mabaki yaliyokatwakatwa yakioza kwenye rundo. Mama alitoka akatukuta tunatazama.

"Mnyauko," akasema. "Mwezi wa kumi."

Kagera hilo neno halihitaji maelezo, lakini msomaji wa mbali nikueleze. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, hapa hapa wilayani Muleba. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia. Ukikata shina, linatoka tope la njano kama usaha. Mgomba ukishaugua hauna dawa. Unaukata, unaung'oa, na unalinda mingine. Wadudu wanaueneza kwa kutua kwenye ua la mgomba, ndiyo maana wakulima wanafundishwa kuliondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Na mkulima mwenyewe anaueneza, kwa panga lake.

Mama alituonyesha utaratibu wake. Ana mapanga mawili. Moja halitoki nje ya kibanja chake na haliazimwi. Akihama kutoka shina moja kwenda jingine analipitisha kwenye moto, au analichovya kwenye dawa ya kufulia madoa iliyochanganywa na maji. "Jirani yangu alikuwa mbishi," alisema. "Anakata mgomba mgonjwa, anapangusa panga kwenye nyasi, anaenda kwenye mzima. Unaliona panga linang'aa. Safi kabisa. Kumbe limebeba. Kibanja chote kikaisha."

Nilimtazama mdogo wangu. Naye alikuwa ananitazama.

"Mama," akasema taratibu, "na mimi ni hivyo hivyo. Ngano kwangu ni mnyauko. Kisu kikikata chapati, hata ukikipangusa kinang'aa, kimebeba."

Mama alinyamaza. Alitazama panga mkononi, akatazama lile pengo, akamtazama binti yake kuanzia usoni hadi kwenye sketi iliyokazwa kwa pini. Sikumbuki ndege wala upepo wala chochote cha kuandikia. Nakumbuka alisema neno moja tu, "Kumbe," halafu akarudi jikoni upesi, akazimwaga zile ndizi zilizomenywa kwenye ndoo ya nguruwe wa jirani, akaosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, na kuanza upya.

*

Chakula tulichopika jioni ile ni rahisi, na ukiweza kupata vitu hivi utakipika popote.

Soya zilikuwa zimelowekwa usiku kucha kwa shangazi na kusafirishwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Tulizitwanga kwenye kinu, tukazichanganya na maji, tukachuja kwa kitambaa safi. Maziwa yake tuliyachemsha huku tunakoroga bila kuondoka, kwa sababu yanafurika kama ya ng'ombe, na lazima yachemke vizuri maana soya mbichi inasumbua tumbo. Sufuria ikaepuliwa, maji ya limau yakamiminwa kidogo kidogo. Ndani ya dakika chache yaligawanyika: mabonge meupe juu, maji ya manjano chini. Tukayamimina kwenye kitambaa juu ya chujio, tukakunja, tukaweka jiwe juu yake. Machicha yaliyobaki yalikwenda kwa kuku.

"Hii si jibini hii?" shangazi aliuliza jiwe lilipoondolewa. Aliigusa kwa kidole. "Au sabuni."

Kwa upande wa Mama kazi ilikuwa nyingine. Maharage yalishachemka hadi kukaribia kuiva. Ndizi, zile anazoziita enshakala, alizimenya kwa kisu kipya tulichonunua Bukoba, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usiigande, kila moja inaingia kwenye maji isigeuke rangi. Alizipanga juu ya maharage na kitunguu, nyanya, chumvi, na nyanya chungu chache zilizokatwa nusu. Majani ya mgomba aliyababua motoni hadi yakalainika, akafunika nayo chungu chote, akapunguza moto. Hakuna kukoroga. Mvuke unafanya kazi na jani linaacha harufu yake, ambayo sijawahi kuipata kwenye sufuria ya Dar.

Mdogo wangu alikata tofu vipande, akavikaanga kwa mafuta mapya hadi vikawa kahawia, akatia tangawizi, vitunguu saumu, pilipili, karoti, na majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi. Chumvi na limau vilitosha.

Hapa wapenzi wa vitabu wataniruhusu niseme jambo. Tunalalamika kwamba hatuna maandishi ya mapishi yetu, lakini yamejificha ndani ya riwaya. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, lugha ambayo ni ndugu wa karibu wa Kihaya, mwaka 1945. Toleo la Kiswahili lilitoka mwaka 1980. Kiini cha safari za Myombekere ni pombe ya ndizi anayotakiwa kuwapelekea wakwe zake ili arudishiwe mke. Bila mgomba, hakuna riwaya. Nilipoisoma chuoni nililiona hilo kama jambo la mila tu. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi nililiona kama jambo la kilimo: mtu asiye na kibanja chenye afya hawezi hata kuomba msamaha.

*

Tulikula wote chakula kimoja. Kuku alikuwepo kwa aliyemtaka. Kulikuwa na senene pia, maana ni msimu wao, na mjomba aliyepita kutusalimu aliumia rohoni kuona Mhaya anapitisha bakuli la senene bila kuchota. Tofu ilionjwa na kila mtu, kwa tahadhari. Hukumu ya Mama ilikuwa kwamba haina ladha yake yenyewe. "Inakopa," akasema. Lakini aliongeza kipande.

Shangazi ndiye aliyesema lililokuwa vichwani mwa wengi: kwamba haya mambo ya tofu ni ya kigeni, na kwa nini mtoto asile tu vya asili. Nilitaka kujibu, nikatafuta cha asili ni kipi pale sahanini. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Maharage yalitoka Amerika, na karanga nazo. Nyanya pia. Soya za Asia zilichelewa tu kufika. Karne kadhaa zilizopita kuna bibi fulani wa Kihaya aliyeshika punje za maharage kiganjani kwa mara ya kwanza akauliza, hiki nacho ni kitu gani? Leo hakuna msiba wala harusi inayokwenda bila hizo punje.

Mama naye alikuwa na lake, kwa mdogo wangu. "Hizo ndizi unazokula zimekula samadi. Miaka yote. Usidhani ng'ombe hayumo kwenye sahani yako."

Ni kweli. Vibanja vya Kagera vilijengwa kwa samadi, kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana udongo wa kibanja ni mweusi na wa nje yake, wa rweya, ni mwepesi na maskini. Sotoka ilipofagia mifugo ya ukanda huu katika miaka ya 1890, migomba nayo ilipata hasara.

"Najua, Mama," mdogo wangu alijibu. "Simli. Sijasema simshukuru."

Mama alicheka, mara ya kwanza siku ile. Mdogo wangu alirudishia sahani. Aliyeona pini kwenye ile sketi ataelewa kwa nini mimi na Mama tuliacha kula tukamtazama, na kwa nini tulijifanya hatumtazami.

Tulirudi Dar mwanzoni mwa Januari. Lile pengo karibu na kaburi la Baba lilikuwa bado tupu, kwa sababu udongo unahitaji kupumzishwa miezi kadhaa kabla ya kupanda mgomba mwingine pale. Mama aliweka maharage kwa wakati huo. Anasema mwezi wa tano atatafuta machipukizi safi, si ya kuomba kwa jirani.

Pasaka alinipigia simu, ana hasira na shangazi. Kile kisu tulichonunua Bukoba amekifunga uzi mwekundu kwenye mpini na kukitundika ukutani peke yake, mbali na vingine. Shangazi alikuja kusalimia, akakitungua bila kuuliza, na alikuwa amekielekeza kwenye mkate Mama alipoingia jikoni.

"Nikapiga ukelele mpaka majirani wakaja," alisema. "Nikamwambia, wewe, weka chini! Hicho hakijawahi kugusa ngano tangu kizaliwe."